Mshenga wa Oskiloskopu

Mume wangu wanamwita Sikio, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Ni dobi. Anapiga pasi kwenye duka la kaka yake mkubwa, mashati ya watu yananing'inia mpaka dirishani, na juu ya kabati la sabuni ameweka amplifaya aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza. Muziki wake anautaka safi kuliko mashuka ya wateja. Basi siku moja aliinua pasi juu ya kola, akatega kichwa, akasema, "Mnausikia huo mngurumo?"

Hakuna aliyeusikia. Mimi ninayepokea nguo pale sikuusikia, wateja hawakuusikia, na kaka mtu alipoulizwa alikana kama mtu aliyesingiziwa wizi. Shemeji huyo, tangu amplifaya iwekwe, haingii ndani. Anasimama mlangoni anatoa amri kwa kupaza sauti, anasingizia mvuke unamkaba. Mvuke! Mtu aliyekulia kwenye duka la dobi!

Sikio hakuacha. Kila akiwasha muziki, anauliza. Mwisho shemeji akatamka akiwa pale pale mlangoni: "Mdogo wangu, mtu anayesikia visivyokuwepo hashiki pasi ya moto. Nenda kapimwe kichwa. Mwezi ukiisha natafuta dobi mwingine."

Niliumia, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa na shaka. Mume wangu ni mpole, hajawahi kuunguza hata kitambaa cha mkono. Lakini akisimama ameinamia ukuta kama anayenong'onezwa siri, jamani, nilikuwa naogopa.

"Kuna mashine inaitwa oskiloskopu," akaniambia. "Unaiunganisha na amplifaya, inakuchorea sauti kwenye kioo. Kama mngurumo upo, utaonekana. Kaka akiuona kwa macho yake, ataniacha na kazi yangu."

Mpya hatukuiweza hata kwa ndoto. Tukaamua kutafuta iliyotumika, na hapo ndipo shangazi yake alipojitia kati. Shangazi ni mshenga. Tangu ujana wake kazi yake ni kuposea watu, na ndoa alizozifunga yeye hazivunjiki, labda kwa kumwogopa yeye.

"Kitu kilichopita mikononi mwa mwenzio hakichukuliwi kwa macho," alisema. "Mkienda wenyewe mtapewa galasa. Twende wote."

Muuza mitambo chakavu alikuwa na chumba kirefu chenye harufu ya vumbi lililopata moto. Akatuwekea mezani mashine tatu. Ya kwanza kubwa, vitufe kila mahali, na Sikio alipoiona tu macho yakamtoka. Ya pili ndogo, inaenea kiganjani, ina kioo cha rangi. Ya tatu ya kijivu, ya kizamani, uso una mkwaruzo, kitufe kimoja kinalegea.

Shangazi akavuta kiti mbele ya ile kubwa. "Huyu alikuwa kwa nani?"

Muuzaji akanitazama. Nikatazama dari.

"Alikuwa... kiwandani, mama."

"Waliachana kwa nini?"

"Kiwanda kilifungwa."

"Kumbe ni mjane, si mtalaka. Haya, mwashe."

Mstari wa kijani ukatokea, umenyooka kabisa. Sikio akawa ameshatia mkono mfukoni. Shangazi akaupiga kofi ule mkono. "Tulia wewe! Kila bibi harusi anang'aa siku ya kwanza. Tukae."

Tukakaa. Muuzaji akahudumia watu wengine, akarudi, akatukuta tumekaa vile vile, tunaitazama mashine kama wageni waliokuja kuhani msiba. Ilipopata joto sawasawa, ule mstari ukaanza kupanda. Ukapanda polepole mpaka ukatoka juu ya kioo, ukapotea.

"Umeona?" shangazi akasema. "Akishazoea nyumba, anatoroka."

Ile ndogo waliiwasha bila kuiunganisha na kitu chochote, na tayari ilikuwa inachora manyoya manyoya. Sikio akatikisa kichwa. "Hiyo ina makelele yake yenyewe."

"Anaongea kabla hajaulizwa," shangazi akaafiki. "Mrudishe kwao."

Muuzaji akajaribu bahati yake. "Lakini mama, kipya kinyemi. Hii ya kijivu ni kuukuu, na haina mbio za kufuata mawimbi kama zile."

"Ana mbio za kumtosha?" shangazi akamuuliza Sikio.

"Kwa muziki zinabaki nyingi, shangazi. Mbio zile nyingine ni za mafundi wa mitambo ya redio."

"Basi tumlipie mtu mbio na haendi popote? Mwashe huyu."

Ya kijivu ikawaka, ikatulia. Tukakaa tena mpaka miguu ikanifa ganzi, na mstari haukusogea. Sikio akauliza waya zake za kugusia ziko wapi, muuzaji akasema zinauzwa kwa bei yake, mbali na mashine.

"Ati nini?" Shangazi akasimama. "Hatumchukui mtoto wa watu bila ndugu zake!"

Zikaletwa zote mbili, bure. Sikio akaugusisha mmoja kwenye kijichuma kilichopo usoni pa mashine kwa ajili ya kuijaribu. Kioo kikachora miraba iliyonyooka, safi. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote, na shangazi akaipunguza tena, kwa sababu ya ule mkwaruzo.

Shemeji tulimwita dukani awe shahidi. Akaja, akasimama kizingitini. Sikio akaiwasha mashine, na kabla ya kuiunganisha na amplifaya akaigusa ncha ya waya kwa kidole, kuona kama iko hai. Wimbi kubwa likajaa kioo kizima.

"Aha!" shemeji akapiga kelele. "Si mnaona wenyewe! Mngurumo umo ndani yake!"

"Hapana, kaka, huo ni umeme wa kwenye kuta, mwili wa mtu yeyote unau..."

"Umo ndani yake! Nilisema mimi!"

Hapo nilichemka. Nikamshika shemeji mkono, mwanamume mzima, nikamvuta ndani mpaka mezani, nikakibandika kidole chake kwenye ile ncha. Likatoka wimbi nene kuliko la mdogo wake.

"Nyani haoni kundule!" shangazi akacheka mpaka akashika tumbo. Akajigusisha na yeye, nikajigusisha mimi, na mteja aliyefuata suruali yake akasema hatoki mpaka apimwe. Sote tulikuwa tunanguruma.

Shemeji hakucheka. Alirudi mlangoni akatupa kisogo, akitazama barabara. "Sitazami tena michezo yenu."

Sikio akaiunganisha amplifaya bila muziki. Mstari ukafanya mabonde madogo madogo, yamefuatana kama mshono. Niliyaona kwa macho yangu. Machozi yakanitoka, na sikujua nimwombe msamaha kwa maneno gani.

"Kapasita imechoka," akasema taratibu, kama si yeye aliyeitwa chizi mwezi mzima. "Ndiyo inayotuliza umeme." Akazima, akaitoa, akachomelea nyingine. "Haya, nawasha."

Nikayaona mabega ya shemeji pale mlangoni yakipanda, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji baridi. Swichi ikalia. Mstari ukalala chali, umenyooka. Shemeji alikuwa bado ametupa kisogo.

"Afadhali," akasema. "Umenyamaza."

Tukageuka wote.

"Nini kimenyamaza, shemeji?" nikamuuliza, mikono kiunoni.

Akajigeuza polepole, akaitazama amplifaya. "Hata mimi nilikuwa nausikia. Mmoja akiwa chizi, mwingine anabaki kuendesha duka," akasema. "Tungekuwa wawili, nani angebaki? Nikaona bora awe yeye."

Nilikuwa na la kumwambia, tena refu. Sikio akanigusa bega, akavuta kigoda, akakiweka karibu na amplifaya. Shemeji akakitazama, kisha akaingia mwenyewe, bila kuvutwa, akaketi.