Kiti cha Shangazi Barazani

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa dukani Mbarara nikichagua kitenge. Redio ya mwenye duka ikasema mbunge mmoja wa kabila dogo amezomewa bungeni. Mwenye duka akacheka kidogo. Mimi nilikiacha kitenge mezani, maana nilikuwa nimemkumbuka shangazi.

Kule kambini Nakivale tulikuwa na baraza la wakimbizi: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, kila kundi na mjumbe wake. Sisi, watu wachache wa lugha yetu kutoka milima ya Kivu Kusini, tulimtuma shangazi. Siku za kikao alijipaka mafuta miguuni, akaenda kwa miguu kupitia kijiji cha Misiera. Adhuhuri nilimpelekea viazi vitamu, nikabaki dirishani kusikiliza.

Mwaka mmoja zilifika familia mpya. Baraza likataka kuzigawia mashamba yetu ya karibu na ziwa, maharage yakiwa bado na maua. Watu wetu walimwagiza shangazi akatae katakata. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, nyuma yako kuna nyumba chache tu."

Shangazi alisimama polepole, akajibu kwa Kiswahili cha kwetu Kivu.

"Ni kweli, tuko bachache. Lakini batu bale bana batoto, na sisi pia tulifika fasi hii mikono mitupu. Mutuache tuvune kwanza, kisha tubapatie nusu."

Wakakubali. Tulivuna. Bila yeye tungepoteza yote.

Hata hivyo jirani yetu, aliyezoea kutwanga naye sombe kila jioni, majani ya muhogo yakinukia mpaka njiani, alihamisha kinu chake. "Alituuza," alisema. Kanisani hakuna aliyetaka kukaa karibu na shangazi. Watoto wenzangu walimwita Mama Nusu, nami niliyekula maharage yale nikacheka nao. Siku moja aliniita mbele yao. Nikageuza uso kana kwamba sikusikia. Hakuniita tena mbele za watu.

Alijiuzulu, akaugua, tukamzika kabla sijamwomba msamaha. Hakuna wa kwetu aliyekubali kukaa barazani baada yake. Mashamba yalipogawiwa tena, nusu yetu iliyobaki ikaenda, na hapakuwa na wa kusimama.

Sasa watu wetu wametawanyika, wengine ng'ambo, wengine mijini. Nikipita kule simpati wa kumuuliza kama anamkumbuka. Mimi namkumbuka, na zaidi ya yote ule uso wake, nilipochungulia nyuma siku ile aliyoniita, akiwa bado amesimama akinisubiri.