Gari Iliyokula Kisima cha Kambo

Juzi imepita tena. Nilikuwa nje naosha vyombo, sahani zikaanza kutetemeka ndani ya beseni kabla sijasikia mlio wowote, nikajua. Lori refu la jeshi, mgongoni kifaru cha vita kimefungwa kwa minyororo minene. Watoto wote wa avenue walikimbia kushangilia. Mdogo wangu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akanivuta mkono: "Yaya, kuya tuone!" Mimi niliingia ndani nikafunga dirisha. Harufu ikaingia hata hivyo: mazutu, yale mafuta ya malori, grisi, mpira ulioungua. Sitakudanganya, nilienda nyuma ya nyumba nikatapika.

Wewe hukukijua kisima cha kambo, basi acha nikueleze. Nilipokuwa mdogo niliishi kwake, kwa bibi yangu, mama wa baba yangu, kwenye barabara ya kwenda Kakontwe. Kati ya parsele yake, yaani kiwanja cha nyumba, na lami maji yalitoka yenyewe ardhini. Marehemu mume wake, aliyevunja mawe kule karieri, aliyazungushia mawe meupe, makubwa, akayapanga vizuri kama ukingo wa sahani. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yanauma.

Kwa maji hayo kambo alipika munkoyo. Alichemsha uji wa mahindi, akauacha upoe, akatia mizizi iliyopondwa, na asubuhi kinywaji kilikuwa kitamu chenye uchachu kidogo tu. Kazi yangu ilikuwa kuchuja. Yeye aligonga kikombe kwenye mdomo wa pipa, ko, ko, ko, na madereva wa malori ya mawe ya shaba wakasimama kununua. "Bila maji ya apa, iko uji tu," aliwaambia. Tulikula kwa munkoyo hiyo, na shuleni niliingia kwa munkoyo hiyo.

Barabarani kwetu kulikuwa na desturi: gari ikifia mbele ya parsele yako, dereva ni mugeni wako. Unampa kikombe, unampa mawe ya kuweka kwenye magurudumu, akitoka anayarudisha. Kila mtu alifanya hivyo.

Basi asubuhi moja, wakati wa mvua, lori la kifaru lilisogea pembeni kupisha mwenzake, na upande mzima ukazama matopeni karibu na kisima. Kambo hakungoja kuitwa. Alibeba vikombe, mimi nyuma nimejificha kwenye kikwembe chake. Dereva, soda, yaani askari wa jeshi, mnene mwenye grisi mpaka viwiko, akanywa, akajifuta mdomo kwa mikono ileile, akarudisha kikombe kina alama nyeusi za vidole.

"Mama, tupatie mawe."

"Kamata mawili pale kisimani, baba. Ukitoka, unarudisha pa yake."

Jirani mwanamke alicheka ng'ambo ya barabara: "Mawili? Kambo, ile gari iko na miguu kupita jongoo!"

Walichukua mawili, magurudumu yakayameza. Wakachukua mengine. Halafu wakaacha kuomba.

"Baba, ile hapana!" kambo alipiga kelele. "Ile njo kisima yenyewe!"

"Mama, kifaru ya Leta, ya serikali, iko pale juu, weye unalilia mawe?" dereva alijibu kutoka chini ya lori, na wenzake wakacheka. Mmoja alinawa mikono kisimani. Mwingine alimwaga humo oili chafu, akatema mate juu yake. Mawe meupe yalipasuka chini ya uzito ule kwa mlio kama wa mtu anayetafuna mifupa.

Jioni lori lilitoka. Watu wakapiga makofi! Wale masoda hawakugeuka hata kuangalia. Palipokuwa kisima, palikuwa shimo la matope lenye utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi. Mbwa alikuja, akanusa, akaondoka. Kambo alipiga magoti, akaingiza mikono mpaka mabegani kutafuta mawe yake. Alitoa unga mweupe tu.

Alipika hata hivyo, kwa maji aliyochuja kwa kitambaa. Dereva mmoja, mteja wetu wa zamani, alionja akatema pale pale miguuni pa kambo. "Kambo, leo umetupikia nini?" Kambo alimwaga pipa zima nyuma ya choo. Maji yenyewe hayakusafika tena, yalipungua, yakakauka.

Siku hizi anakaa kwetu, anapika munkoyo kwa maji ya bido, ya dumu la plastiki, siku za sikukuu. Tukimsifu anasema, "Iko uji tu."

Juzi mdogo wangu alirudi kutoka barabarani amejaa vumbi na furaha. Nilipomweleza kwa nini nilifunga dirisha, aliuliza munkoyo ya kisima ilikuwa namna gani. Nikafumba macho, nikaitafuta mdomoni. Baridi ya maji bado ninayo, hapa kwenye meno. Ladha yake hapana. Pale ilipokuwa, nakuta mazutu.