Sweta Langu Halikuwa na Tundu

Nianze na baya lenyewe, maana nikizunguka nitatoroka. Nilimuua rafiki yangu Shija. Nilimuua kwa mikono hii, chini ya maji, halafu nikatoka nikawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyetaka kuniua. Jamani! Nimezeeka na uongo huo na leo nautema.

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Kule upande wa Geita kulikuwa na shimo la mgodi wa zamani wa wakoloni. Mgodi ulishafungwa, maji yakajaa humo mpaka likawa ziwa. Juu maji ya kawaida, lakini ukizama kidogo tu, baridi ya kung'oa meno! Mimi na Shija tulikuwa vibarua wa tajiri mmoja aliyesafisha michanga iliyoachwa pale. Siku moja pampu yake ikateleza kwenye chelezo cha mapipa, ikazama.

Shija pekee ndiye aliyejua kuzamia kwa mitungi ya hewa. Aliwahi kufanya kazi na mzungu mtafiti wa mambo ya ziwani, na mzungu alipoondoka alimwachia vifaa vya watu wawili: mitungi ya kubeba mgongoni, miwani ya maji na mikanda ya vyuma vizito vya kukuzamisha. Nguo za kuzuia baridi hazikuwepo. Tungevaa masweta.

Tajiri alitaka watu wawili, mmoja aiinue pampu, mwingine afunge kamba. Nikajitokeza mimi. Nilikuwa na kifua bwana, gunia la pamba nilibeba peke yangu! Shija akanifundisha asubuhi moja tu, kwenye maji ya kiunoni. Kisha akasema mbele ya vibarua wote, "Huyu bado. Mkimshusha huyu atakufa."

Watu wakacheka. Nikamlamba kofi akaenda chini. Akainuka, akanirukia, tukaviringishana kwenye changarawe mpaka mdomo wangu ukapasuka. Walipotuachanisha nilimwambia, "Tutamalizana huko huko chini!" Naye kwa hasira akajibu, "Twende. Tutaona nani atapanda." Baada ya hapo hatukusemezana. Kila mmoja akavaa vifaa upande wake wa chelezo.

Sasa sikia ujinga wangu. Ule mkanda wa vyuma una bizimu ambalo ukilivuta mara moja linaachia, vyuma vinadondoka, unaelea. Shija alinieleza kabisa. Lakini mimi nimekulia kwenye baiskeli, nikifunga mizigo kutoka Masumbwe mpaka Runzewe, na kwetu mzigo ukilegea anachekwa aliyeufunga. Lile bizimu nikaliona halina maana. Nikachomekea sweta, nikavaa mkanda, nikachukua mpira uliochanwa kwenye tyubu ya baiskeli, nikauzungusha juu ya bizimu na kuupitisha kwenye vishikio vya kaptula. Nikapiga fundo la kufa mtu.

Tukazama. Kule chini giza na tope. Baridi ikanibana kifua, maji yakaingia kwenye miwani, nikavuta pumzi kwa pua. Basi! Akili ikaruka. Nikaanza kurusha mikono na miguu, tope likafumuka lote. Shija akaja akanishika kiunoni. Akavuta mkanda, akavuta tena, akaukung'uta kwa nguvu. Halafu nikaona kisu.

Nikajua ndiyo ananimaliza kama tulivyoahidiana. Nikampiga ngumi ya uso, miwani ikamtoka. Hakuniachia. Nikamng'oa ule mpira wa kupumulia mdomoni, nikamkaba koo. Bado amening'ang'ania kiuno, kisu kinakwenda na kurudi. Nikampiga goti la tumbo, nikampiga jingine. Mikono yake ikalegea. Papo hapo kitu kikakatika, vyuma vikadondoka, nikaruka juu kama kizibo.

Niliibuka damu inanitoka puani, na sikio moja limepasuka, halisikii mpaka leo. Nikapiga kelele, "Shija ana kisu! Amenichoma tumbo!" Walimtoa kwa ndoano, ameshakufa, kisu kinaning'inia mkononi kwa kikamba chake. Nani asingeniamini?

Waliponiacha peke yangu kando ya moto ndipo nikauona ule mpira kwenye kaptula yangu. Ulikuwa umekatwa, mkato safi kabisa. Gashi! Kumbe alikuwa anakata fundo langu! Nikajipapasa tumbo, hata mkwaruzo hakuna. Nikautupa mpira motoni, nikanyamaza.

Kaka zangu hawakunyamaza. Walikwenda na fimbo kwa akina Shija, wakamvunja kaka yake taya na mkono wa kulia, eti ukoo wa wauaji. Mazishini majirani hawakukanyaga. Mimi nilikuwa kitandani napewa uji, tumbo nimelifunga kitambaa na sikubali mtu alifungue.

Baada ya siku chache mama yake Shija akaja kwetu. Alinikuta nje, sweta limefuliwa, limeanikwa kwenye ua wa minyaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Alikuchoma wapi?"

Nikashika tumbo juu ya shati. "Hapa, mama."

"Pole. Na sweta ulilovaa ndilo lile?"

"Ndilo."

Akalichukua. Akalinyoosha kuelekea jua, akaingiza mkono ndani, akapitisha vidole mbele, nyuma na ubavuni, taratibu. Hata uzi mmoja haukukatika. Mwanawe alikata mpira ule gizani, huku akipigwa, bila kunigusa! Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningepiga magoti pale pale. Nikakaa namtazama tu, mwoga mkubwa mimi.

Alipomaliza alilikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Vaa, ng'wanawane," akasema. "Kuna baridi."

Akaondoka. Hakunishtaki popote, wala hakurudi tena kwetu. Alikufa bila kuusikia ukweli kinywani mwangu.

Wewe unayesoma, ukifundishwa kifaa usichokijua, kifuate kama ulivyofundishwa na uache ubishi. Na kama kuna marehemu uliyemsingizia, nenda kwa mama yake leo, angali hai. Usisubiri akukunjie sweta. Mimi silivai, kulitupa siwezi, na kila kipupwe kikifika namsikia yule mama akiniambia nivae.