Fundi wa pedi aliyeulaumu mkono wake

Saa tatu asubuhi, mteja wa kwanza hajaketi bado, na Kidole ameshaanguka mtoni mara mbili. Hana wasiwasi. Anaichomoa pedi, kile kishikio chenye vitufe na vijiti viwili vya kuongozea gemu, anafungua skrubu, anapuliza vumbi, anabadilisha kifaa kidogo chini ya kijiti cha kushoto, kisha anajaribu tena. Safari hii mtu wa kwenye televisheni anavuka daraja la ubao mmoja mpaka ng'ambo bila kuyumba.

“Imepona,” anasema, na kuiweka kwenye rafu pamoja na nyingine tano.

Jina la Kidole alipewa na wateja. Ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia akitengeneza pedi katika chumba chenye dirisha moja na meza iliyojaa alama za moto wa risasi ya kuunganishia nyaya. Hakuna aliyemfundisha. Ya kwanza kuifungua ilikuwa yake mwenyewe, na anakiri kwamba alipomaliza kuifunga, skrubu mbili zilibaki mezani.

Kila pedi huijaribu kwenye daraja hilo hilo, la gemu ya zamani ambayo wengi waliikimbia. Ubao ni mwembamba, upepo unasukuma, na ng'ambo wapo walinzi watatu wanaorusha mawe. Kwa vidole vyake, pedi nzima huvuka kwa sekunde arobaini. Iliyo mbovu huanguka.

Mtu anayecheza kila siku hakosi la kusema kuhusu gemu. Kidole huongea taratibu, kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa.

“Gemu ngumu hainikeri,” anasema. “Nikianguka nikajua nimeangukia nini, nitarudi hata mara mia. Kinachonikera ni kurudishwa nyuma dakika kumi, nitembee upya njia niliyokwisha kuipita. Huo si ugumu, ni usumbufu.”

Gemu nyingi za siku hizi, anaeleza, hazimwamini mchezaji. Kila mlango una mshale, na kila fumbo lina rafiki anayekutajia jibu kabla hujakuna kichwa. Nyingine, zikitaka kuwa ngumu, humwongezea adui uhai tu. Adui ni yule yule na akili ni ile ile, ila unampiga mpaka mkono unakufa ganzi.

Akifika hapo anautazama mkono wake wa kushoto, ndio wa kazi, na kucheka kidogo. Mwaka jana hakuwa na cheko hilo.

Ganzi ilianzia kwenye kidole gumba. Mwanzoni alidhani amelalia mkono. Kisha skrubu zikaanza kumponyoka, na pedi kumi na mbili alizozoea kutengeneza kwa siku zikawa saba, halafu tatu. Daktari aligundua mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Upasuaji ulikuwa mdogo, lakini daktari hakumficha: si kila mkono hurudi ulivyokuwa.

Baada ya wiki nane za kupumzika, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimruhusu kucheza nyumbani, polepole. Hapo Kidole alilazimika kutumia kitu alichokidharau maisha yake yote: sehemu ya kupunguza kasi ya gemu.

“Nilikuwa naiita uji wa mgonjwa,” anasema. “Nikaunywa mimi.”

Kwa nusu kasi alivuka daraja. Kwa kasi kamili alianguka, kila mara upande wa kushoto. Siku moja alihesabu mara thelathini na moja. Wiki ya kumi na mbili ilipokwisha, alikata shauri. Alizungumza na fundi simu wa mtaa wa pili aje Jumamosi kununua vifaa vyote, kisha akakubaliana na jamaa mmoja kuhusu kazi ya kulinda ghala. Mkewe anasema nyumba ilikuwa kimya kama kuna msiba.

Ijumaa jioni alianguka tena, akaiacha pedi juu ya meza na kwenda jikoni kunywa maji. Sebuleni alibaki mama mkwe wake, aliyekuja kuwasaidia tangu upasuaji, na ambaye hajawahi kushika pedi hata kwa kuisogeza. Alikuwa akichambua mboga. Baada ya muda akaita.

“Baba, huyu mtu wako mbona anaondoka na wewe umemwacha?”

Kidole alirudi mbio. Pedi ilikuwa mezani, haikushikwa na mtu. Kwenye televisheni, yule mtu alikuwa akijiendea zake, pole pole, kushoto, mpaka akatumbukia.

Kwa miaka kumi na mmoja, kuanguka kulimwambia pedi ni mbovu. Ya nyumbani ilipoanguka, aliulaumu mkono. Hii, aliyoinunua baada ya ile ya kwanza, hakuwahi kuifungua, kwa kuwa za wateja zilikuwa na zamu na yake haikuwa na zamu. Mganga hajigangi.

“Mama hakunicheka,” anakumbuka. “Aliniuliza tu, ‘Kwani wewe si ndiye unayezitengeneza?’ Nikasema ndimi. Akaendelea na mboga zake.”

Usiku ule ule aliifungua. Kijiti kilikuwa kimelika. Alipokibadilisha alivuka kwa kasi kamili katika jaribio la nne, kwa sekunde hamsini na tatu, akakaa sakafuni akiwa ameegemea kiti. Mkewe anasema ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitano kumsikia akishusha pumzi mpaka mwisho. Asubuhi fundi simu alikuta chai imeandaliwa na vifaa haviuzwi.

Mkono haujarudi wote. Sasa ni pedi tisa kwa siku, na jioni kidole gumba huchoka. Lakini habezi tena wanaopunguza kasi. “Mwenzangu akienda taratibu, mimi hanipunguzii kitu,” anasema. “Watengenezaji wamwachie kila mtu achague mwendo wake. Daraja libaki jembamba vile vile.”

Kuanzia mwezi ujao, kila Alhamisi asubuhi, atapeleka televisheni ndogo na pedi tatu kwenye chumba cha mazoezi ya viungo alikotibiwa. Pedi moja ameiongezea vitufe vipana kwa ajili ya mshonaji ambaye vidole vyake viwili havikunjiki. Mtaalamu wa mazoezi amekubali, kwa sharti moja: fundi asishindane na wagonjwa, maana anamfahamu, hajui kumwachia mtu ashinde.

“Hilo,” anasema Kidole, akichukua pedi ya saba, “bado tunajadiliana.”