Kaa wa Binti Yangu na Mto Uliomchukua Baba Yake

Ndugu wa ukurasa huu na wasomaji wenzangu, naomba radhi kwanza kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne tangu masika ya mwaka jana, na kila nikifika kwenye jambo lenyewe, mtoto ananiita au naichana karatasi. Mimi ni mjane wa miaka ishirini na tatu, elimu yangu darasa la saba. Naishi na binti yangu wa miaka sita huku Katumba Songwe, jirani na mto unaotutenga na Malawi. Jina langu lificheni. Mtoto nitamwita Subi.

Mume wangu alikuwa akivuka na mchele, akirudi na vitenge na sabuni, tangu biashara ilipokuwa ruksa. Siku ile mto ulikuwa umejaa, akasema atasubiri. Mimi ndiye niliyemwambia, "Wenzako wameshavuka, wewe unaogopa maji ya matope?" Akacheka, akavaa shati. Kesho yake mtumbwi ulionekana. Yeye hakuonekana. Kwao Ngonga walizika nguo zake.

Subi hakulia. Aliacha kusema. Maji yalipopungua, akaokota kaa wawili kwenye jaruba la mpunga nyuma ya nyumba, akaniletea ndani ya kanga. "Mama, hawa wametoka mtoni. Wanamjua baba." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya wiki tatu. Ningewatupaje?

Nikawaweka kwenye ndoo. Nikaijaza maji pomoni, kwa wema wangu wote, maana nilijua kaa ni wa majini. Asubuhi mmoja alikuwa chali, miguu imelegea. Subi akamtazama sana, kisha akaniuliza, "Mama, kumbe na kaa huzama?" Mpaka leo nikichota maji nalisikia swali hilo.

Siku ya soko alipita mama mmoja Mkisi anayeuza vyungu, nikamsimulia. Alicheka mpaka akatua mzigo. "Dada, umemtosa mwenzio! Mimi nachimba udongo mtoni kila siku, hao hao wananibana vidole mashimoni mwao. Huyo si samaki. Anataka matope ya kuchimba na maji ya kulowesha miguu tu. Ukimnyima pa kupanda anachoka, anakufa." Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo. Akaniachia chungu kilichopasuka, wala hakuuliza zaidi.

Nikachukua nusu pipa, nikalisugua kwa majivu, sabuni nikaiogopa. Upande mmoja nikashindilia udongo wa mtoni, kina chake mkono mpaka kiwiko. Upande wa pili maji ya vidole viwili, nabadilisha kila asubuhi. Chungu nikakilaza juu ya udongo, mdomo ukitazama ukutani, ndiyo nyumba yake. Pipa liko kwenye kivuli cha mgomba, na chakula ni wali kidogo, majani yaliyooza, siku nyingine dagaa mmoja. Yule aliyebaki akachimba, akatulia. Na Subi akaanza kula, sahani yake kando ya pipa, akimhadithia kaa habari za siku nzima.

Lakini ndugu zangu, mimi sina amani. Mchana nikitwanga, kaa anaparura bati la pipa, na sauti ni ileile ya mume wangu akiparura matope ya miguu mlangoni. Nimeshageuka mara nyingi kusema karibu. Siku moja Subi akiwa kwa jirani, mimi mtu mzima nilichuchumaa pale nikamwuliza yule mdudu, "Ulimwona? Aliniita?" Naona haya kuandika, lakini ndivyo.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutusalimia. Akainua chungu, akakuta kaa amevua gamba. Gamba zima, na makucha yake na macho yake, tupu, na pembeni kaa mwenyewe, laini, amepauka. Alipiga yowe. "Kaa ndio waliomla mwanangu! Na huyu sasa anavaa mwili wa pili humu kwako?"

"Mama, anakua tu."

"Anakua kwa kula nini?"

Subi alikuwa amesimama palepale.

Baada ya hapo ujumbe ukaja kutoka kwa baba mkwe: mpunga ukishavunwa, kaa awe ametupwa, la sivyo Subi anahamia Ngonga. Na siwezi kwenda kumweleza. Kwa mila zetu za Kinyakyusa mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe wala hasemi naye. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Maneno yangu humfikia kupitia mama mkwe, na yeye ameshaogopa. Lakini gazeti hili anasomewa kila linapofika. Wengine hawatanijua, yeye atanijua.

Baba, shikamoo. Kaa simtupi, na mtoto simtoi. Siyo ukaidi. Subi akinyang'anywa tena, atanyamaza, na safari hii sijui nani atamrudisha. Maneno yaliyompeleka mtoni siku ile ni yangu. Nibebesheni mimi, msimbebeshe mtoto.

Wasomaji, nishaurini kama nakosea. Mpunga umeshaanza kuinama. Ninachohitaji bado ni hiki: kipande cha wavu wa waya cha kufunika nusu pipa, matundu yawe madogo kuliko kidole, maana amejifunza kupanda. Maelezo ya mtu anayejua, kaa aliyevua gamba akae siku ngapi bila kuguswa, na lile gamba tumwachie au tuliondoe. Na jibu la mwalimu au bwana samaki, kama kaa wa mtoni humla mtu. Kama hawali, lichapeni hapa kwa herufi kubwa, baba asomewe. Kama wanakula, lileteni kwa bahasha iliyofungwa, kwa jina langu peke yangu.