Tangi Lililopakwa Mafuta ya Nazi

"Mwishehe, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nani kalipaka tangi la Serikali mafuta ya nazi?"

Koplo Revelian kapiga magoti ghalani, pale kambi ya jeshi njia ya Gongo la Mboto, anavuta ncha ya tangi kwa mikono miwili. Halikunjuki. Mume wangu Mwishehe, mtunza matangi, kasimama kando yake. Mie niko mlangoni na kapu la chakula, chupa ya mafuta nimeificha ndani ya kanga.

Wakati ule wa vita matangi yalikuwa ya mpira, ya kukunja kama mkeka. Likiwa tupu, hubebwa na watu wanne. Likijaa petroli hulala chini limevimba, mto wa kulalia tembo. Kuku wa kambini alilipanda moja Jumatatu akashuka Jumatano, na vifaranga nyuma. Anayebisha akamuulize kuku.

Sasa, Mwishehe wangu kabla ya vita alikuwa fundi wa ngoma kule Mbwamaji. Ngozi ikianza kukauka, unaipaka mafuta isipasuke. Basi alipokabidhiwa tangi jipya la akiba, akaona jua linalichoma, akaniambia, "Mama Tunu, nitengenezee mafuta mazuri." Nikakuna nazi kumi na mbili. Akalipaka lote, akalikunja, akaliweka ghalani.

"Mafuta yangu, shemeji," nikasema.

"Mikono yangu," akadakia Mwishehe.

"Wazimu wenu nyie wawili!" Revelian akafoka. "Mpira si ngozi! Ukinywa mafuta unalainika, unanata. Kapteni anakuja alasiri kulikagua, kesho litiwe petroli. Akilikuta hivi, Mwishehe, utafungwa kwa kuharibu mali ya vita!"

Revelian alikuwa Mhaya wa Bukoba, hatuna naye udugu wala ujirani. Angeweza kutoka zake nje, akamwacha kapteni ajionee. Akakunja mikono ya shati.

"Shemeji, weka kapu chini. Lete maji na sabuni."

Tukalibandua shubiri kwa shubiri, tukaliosha, tukalianika kivulini, tukalinyunyizia unga wa chaki lisishikane tena. Wakalijaza hewa kwa pampu. Likainuka, likavimba vizuri, halafu taratibu likaanza kunywea.

"Linavuja," Revelian akasema. "Tulipolibandua limechanika mahali. Kulipaka povu lote tutafute tundu, jua litazama."

Mwishehe akafumba macho. Akaanza kuligonga kwa vidole, kama anavyotafuta sauti ya ngoma. Pum. Pum. Pum. Akasogea. Pum. Pwa.

"Hapa."

Revelian akapaka povu pale. Kikatoka kiputo, kidogo kama punje ya dengu.

"Ama kweli wewe mchawi," akamwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Wakapiga msasa, wakatia gundi, wakabandika kiraka, wakakigandamiza kwa jiwe. Pampu tena. Tangi likatulia. Nikalilalia kwa sikio: kimya.

Revelian akafungua daftari la ripoti, akailamba penseli. "Naandika yote. Mafuta, kiraka, hewa imekaa. Na kosa ni langu. Fundi wa ngoma nimempa mpira bila kumfundisha."

"Koplo, watakuvua utepe!"

"Utepe ni kitambaa, Mwishehe. Utashonwa tena. Wewe ukifungwa, mwanao Tunu atalishwa na nani?"

Na kweli walimvua, miezi mitatu. Mwishehe akabaki na matangi yake mpaka vita vikaisha, na kila nikitoka kusali namwombea Mhaya yule. Lakini pale ghalani, mie mwenye mdomo wa kusimulia ngano saba usiku mmoja, shukrani yangu ilikuwa chakula tu. Nikafunua kapu.

"Shemeji, kula kwanza. Hivi vitumbua nimevikaanga kwa mafuta yale yale..."

Viatu vikalia sakafuni nyuma yangu. Kapteni kaingia, kofia kwapani, ananusa nazi.