Nyayo za Namba 44

Saa moja asubuhi, Kashebere, mashariki mwa Kongo. Astrid Nyiraneza anasimama ubavu kwa shabaha, anafumba macho, kisha anainua mkono wa kulia wenye bastola isiyo na risasi. Anafumbua macho. Mtutu umeenda kushoto kidogo, upana wa vidole viwili.

Mkono hausogezi. Anasogeza kisigino cha nyuma tu, na mtutu unarudi katikati wenyewe.

"Muguu njo inalenga," anasema, yaani mguu ndio unaolenga. "Mukono inafuata. Ukiilazimisha, inachoka, inarudi kwenye ilikuwa."

Astrid, mwenye miaka 34, ni binti wa wakulima wa maharage wa Mweso. Ni mlinzi wa msitu wa kijiji kwa mwaka wa nane sasa. Akisimama hivi mazoezini, mwezi uliopita alipata alama 47 kati ya 50. Kwenye mtihani wa pili wa kulenga shabaha alipata 29, na ule wa kwanza 31. Kufaulu ni 35.

Sababu iko sakafuni, na ukiiona damu inachemka. Kwenye saruji pamechorwa nyayo mbili nyeupe, na kila anayefanya mtihani lazima akanyage hapo. Hakuna kitabu cha mafunzo kilichofunguliwa kuzichora. Ni nyayo za mkufunzi, Théoneste Ndayambaje, mrefu kama mlingoti, aliyechora rangi kuzunguka buti zake mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Yeye anavaa buti namba 44. Astrid anavaa 38.

Akikanyaga hapo, miguu inatanuka kupita kiasi, nyonga zinapinda, na kisigino hakiruhusiwi kusogea hata kidogo. Kinachobaki ni kuulazimisha mkono.

"Nilimuambia mukufunzi: Chef, miguu yangu iko mifupi. Akacheka! Akasema niote ingine mirefu." "Miaka munane naingia mu pori, leo ananiambia niote miguu!"

Ndayambaje hana hata chembe ya aibu. "Position iko moja. Kila mutu akisimama yake, hapa itakuwa soko."

Anaulizwa nani aliipima.

"Mimi. Na miguu yangu."

Ijumaa ni mtihani wa tatu na wa mwisho. Astrid akishindwa, anarudisha bastola na kazi yenyewe, ile inayolisha watoto watatu na mama yake aliyekimbia vita. Ameandika barua mbili kuomba asimame kwa miguu yake. Hakuna aliyejisumbua kumjibu. Na kanuni inasema anayekanyaga nje ya rangi anapewa sifuri, hata kama risasi zote zimeingia katikati.

Anataka siku moja awe mkufunzi, akwangue rangi ile kwa panga. Lakini kwanza Ijumaa. Ameshaamua atasimama wapi.

"Pembeni ya rangi," anasema, akiifunga bastola kwenye mkoba wake. "Wakubwa baandike sifuri yabo. Halafu karatasi yangu ya shabaha, na matundu ya risasi, nitaibandika ku mulango ya bureau ya Chef, kila mutu anayepita ahesabu."